Saa Nne na Nusu, Jumamosi Inayofuata

Mtu wa Mukurweini akikuambia anajua maji, muulize maji gani. Mimi najua ya mto Gura, yale ya baridi yanayoshuka kutoka Nyandarua mbio kama yanamfuata mwizi. Najua ya mvua, na ya bomba siku likikumbuka kutoa. Yote hayo yana tabia moja: yanashuka. Sijawahi kukaa kando ya Gura nikaona maji yamesimama, yamefikiri kidogo, halafu yamegeuka kurudi mlimani. Kwa hivyo mwanangu wa mwisho aliponipigia simu kuniambia kwamba tutaenda kumposa mchumba wake kwa mashua, na ati lazima tuingie kwao maji yakiwa yamejaa, nilidhani anazungumzia mafuriko. Nikamwambia tungoje kiangazi.

Kijana huyu, namwita kijana lakini ana miaka thelathini na minane, aliondoka hapa akiwa fundi wa vitanda. Alienda pwani kutengeneza milango ya hoteli, na milango ilipokwisha akaingia kwa mzee mmoja anayeunda na kurekebisha mashua. Amekaa kwake miaka sita. Mama yake alikuwa ameacha kumuuliza habari za kuoa, na mama akifika mahali pa kuacha kuuliza, ujue ameshaanza kulia peke yake jikoni. Sasa ndiyo akatuambia amepata mtu, na mtu mwenyewe ni mjukuu wa yule yule mzee. Ni Wagiriama, watu wa kanisa kama sisi. Msichana ni mwalimu wa watoto wadogo, amelelewa na babu yake huyo, na neno la mwisho ni la babu.

Na babu alisema hivi: kijana namjua, watu wake siwajui. Nyumba yake iko ndani ya hori ndogo, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia katikati ya mikoko, na mlango wa nyumba unatazama maji. Barabara iko, lakini inafika nyuma, upande wa choo. Akasema wanaotaka mjukuu wake waje kwa mlango wa mbele. Mtu akishuka kwenye mashua ndiyo unamwona alivyo.

Mimi sikukasirika. Wenzangu wa rika, niliowaambia pale Gakindu siku ya soko, walikasirika kwa niaba yangu. Mmoja akasema hajawahi kusikia mzee wa mbari, yaani wa ukoo, akibebwa kama gunia la chokaa kwenda kuoa. Nilipowauliza nani atanisindikiza, kila mmoja akakumbuka goti lake. Mwishowe aliyekubali ni jirani yangu, polisi mstaafu aliyetoka upande wa ziwa, akaletwa huku kikazi, akaoa huku, akabaki. Sisi tunamwita Afande mpaka leo, hata mke wake anamwita Afande. Yeye alisema amezaliwa juu ya maji, na kwamba bahari ni ziwa lililotiwa chumvi.

Basi tukaanza kupanga. Mwanangu alitutumia kwenye simu saa za maji za Jumamosi tuliyochagua, nami nikazinakili nyuma ya kalenda kwa sababu macho yangu na simu havielewani. Nyakati zilikuwa nne: mbili za maji kujaa, mbili za kupwa, maana yake kutoka. Iliyotuhusu ilikuwa moja, saa nne na nusu asubuhi, maji yamejaa. Mimi nilipenda sana saa hiyo. Kwetu watu wa posa huingia jua likiwa linapanda. Ukifika kwa wakwe alasiri unaonekana ulikuwa kwingine kwanza. Nikaona bahari nayo inajua mila.

Mwanangu akaeleza mpango wote, na mimi nikawa namuuliza kila neno mpaka salio lake likaisha, akanipigia tena. Tungetoka hori kubwa, mahali anapoweka mashua, saa moja na nusu. Kwa nini mapema hivyo, na safari ni ya saa mbili? Kwa sababu maji yatakuwa yanaingia na sisi tunatoka, tutasukumana nayo mlangoni. Halafu tunafuata ufuo, nje ya mwamba, kwa upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu. Halafu kwenye mdomo wa hori ndogo kuna fungu la mchanga, na hapo ndipo penye kazi. Maji yakijaa unapita juu yake kana kwamba halipo. Yakipwa, fungu linatokea.

"Linatokea wapi?" nikamuuliza.

"Hapo hapo, Baba. Lilikuwa chini."

Usiniulize kwa nini jambo hili liliniingia kichwani vile. Nimeishi miaka sabini na moja, nimesoma mpaka darasa la nne, tena la nne sikulimaliza kwa sababu ya ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuniambia kuna mahali ardhi inafunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku kama sufuria ya irio. Nilichukua beseni la mke wangu, nikatia maji, nikaweka mezani, nikaliinua upande mmoja. Maji yakaenda kule, huku kukabaki kukavu. Nikainua upande mwingine. Nilifanya hivyo labda mara kumi, Afande akitazama. Akasema si hivyo, maji ni maji, na hayo ya kujaa na kupwa ni mawimbi tu, hata ziwani yapo, watu wa pwani wanayakuza ili wageni waogope. Mke wangu akapita na sufuria akasema nikimaliza kuvuka bahari nimrudishie beseni lake, kuna nguo.

Sasa nisimame kidogo niseme habari za lori la maziwa, kwa sababu bila hilo hutaelewa nilivyokosa. Lori la maziwa linapita kwetu saa moja kasorobo. Jumatatu, saa moja kasorobo. Wiki ijayo Jumatatu, saa moja kasorobo. Soko lina siku yake, kanisa lina saa yake, mwenye kupima majani ya ng'ombe ana siku yake. Mtu wa kwetu akikuambia "wiki ijayo vilevile", hujamaliza kusikia na umeshapanga. Sisi maisha yetu yamejengwa kwa matofali ya wiki, yote ya kipimo kimoja.

Jumatano kabla ya safari, kiwanda cha kahawa kikatangaza siku za kuchuma: Ijumaa na Jumamosi. Kahawa ilikuwa imeiva kwa pamoja mwaka huo, matawi yanainama, mekundu tupu. Ukiiacha wiki nzima inakauka mtini, na ukiichuma lazima uifikishe kiwandani siku hiyo hiyo, uimwage juu ya gunia, uchambue mbichi na mbovu, upange foleni. Huwezi kumwachia mtu. Nami nilikuwa nimemwahidi msaada wa mikono yangu pia shemeji yangu mjane. Nikafikiri dakika tano, nikachukua simu, nikampigia yule mzee wa hori mwenyewe. Kwetu baba wa kijana ndiye anayetoa saa, hatumi mtoto.

Nikamweleza kahawa. Akasikiliza vizuri, akauliza kahawa ikiiva inanukia vipi, nikamwambia. Halafu nikamwambia tutakuja Jumamosi inayofuata, saa nne na nusu, vilevile.

Akauliza, "Vilevile?"

"Vilevile, mzee."

Nikasikia anacheka kidogo, kicheko cha puani. Akasema haya, karibuni. Nilipoweka simu nilimwambia mke wangu kwamba yule ni mtu mchangamfu, tutapatana.

Kisha nikampigia mwanangu. Yeye hakucheka. Aliniuliza polepole kama nimeshampa mzee hiyo saa. Nikamwambia nimeshampa. Akasema, "Basi, Baba, umemwambia tutafika siku ambayo hakuna maji."

Alinieleza kwa upole, na nashukuru kwa upole huo, maana mimi nisingekuwa nao. Maji hayafuati saa ya ukutani, yanafuata mwezi. Kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini. Leo hujali, kesho hujali, lakini siku saba zikipita, saa ile ile yalipokuwa yamejaa ndiyo sasa yamepwa. Tena Jumamosi ya kwanza mwezi ungekuwa nusu, maji mafu, hayajai sana na hayatoki sana. Jumamosi ya pili mwezi ungekuwa mpevu, na hayo yanaitwa bamvua: yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi na yanatoka mpaka samaki wanabaki wakitazamana. Saa nne na nusu hori ile ingekuwa mchanga mtupu. Maji mazuri yangekuja saa kumi jioni.

Nilikaa kwenye kigoda. Kitu cha kwanza nilichohisi, nikisema kweli, hakikuwa aibu. Nilitaka kutoka nje niuangalie mwezi. Nilitoka, ulikuwa bado mwembamba, umekaa juu ya mibuni kama kipande cha ukucha, na nikauona kama mtu ambaye umekuwa ukimsalimia miaka yote njiani bila kujua ana kazi gani. Aibu ilikuja baadaye, wakati wa chai.

Maana sasa kulikuwa na shida. Mwanangu alitaka nimpigie mzee nibadilishe saa. Lakini nilikuwa nimeshabadilisha siku. Kwetu mwenye posa akibadilisha mara moja, husemwa ana kazi. Akibadilisha mara mbili, husemwa ana nyumba nyingine anayoipimia. Nimeona posa ikifa hivyo, hapa hapa, msichana akaolewa Kerugoya na mtu aliyekuja mara moja tu, kwa siku aliyosema. Na saa kumi jioni ni saa ya kuja kudai, si ya kuja kuomba. Afande akaniunga mkono. Akasema taarifa ikishaandikwa haifutwi, inaongezewa.

Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Wewe mzee, unataka kijana aoe, ama unataka usionekane mjinga?"

Nikasema nataka yote mawili. Akasema hiyo haiko.

Siku kumi nilizunguka na simu mfukoni. Niliitoa mara ngapi sijui. Mara moja nilibonyeza namba ya mzee, ikaita mara moja, nikakata. Hakupiga kurudisha. Mwanangu alipoona sitapiga, akapanga upya, na huo mpango wa pili ndio ulionifunza kwamba ana akili kuliko nilivyomdhania. Alisema: kwa kuwa Baba ametoa saa, tutafika kwa saa hiyo. Hatutaingia, lakini tutafika. Tutatoka hori kubwa saa mbili kamili, safari hii maji yatakuwa yanatoka nasi, yatatusukuma. Tutaingia mdomo wa hori ndogo kabla hayajaisha, tufuate mfereji mpaka yanapotuacha, na hapo tukae. Atabeba gadi, ile miti ya kuegemeza mashua pande mbili isilale ubavu. Nikamuuliza tutakaa mpaka lini. Akasema mpaka yatakaporudi kuvuka fungu na kutuinua, kama saa nane mchana. Nikamuuliza mzee ataonaje. Hapo akasema hajui, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wangu wa zamani wa vitanda, mwenye kitanda kimoja tu na mteja mmoja tu.

Basi asubuhi ile tukapanda: mwanangu kwenye usukani, mke wangu na leso mbili na chupa ya chai, Afande na koti lake la kazi bila vifungo vya serikali, mimi na suti na kofia. Mbele kabisa walifungwa kondoo jike na mbuzi jike, wote hawajazaa, kwa sababu kwetu huwezi kufungua mdomo katika nyumba ya msichana bila hao wawili. Mwanangu aliwanunua huko huko. Kondoo alilala. Mbuzi alisimama safari yote akitazama mbele kama yeye ndiye nahodha.

Sitasema uongo, mlangoni mwa hori kubwa niliposikia maji yanatuvuta nilishika mbao. Lakini baada ya tanga kushiba nilisahau kuogopa. Kulikuwa na mambo mengi mno ya kuuliza. Kwa nini pale ni kijani na hapa ni buluu? Kina kimepungua. Ule mstari mweupe? Mwamba, ndiyo umeanza kutoa mgongo. Unajuaje tunakwenda, na ufuo hausogei? Tazama mnara wa simu na ule mvinje, Baba, ona mnara unavyopita nyuma ya mti. Nikatazama, na kweli ulikuwa unapita. Afande alikuwa amekumbatia mlingoti tangu tulipotoka. Baadaye akasema, kwa heshima, kwamba ziwa halina mambo haya.

Tuliingia mdomo wa hori ndogo fungu likiwa tayari limetoka, la kahawia, limelala kama ng'ombe. Mwanangu akashusha tanga, akasukuma kwa upondo, ule mti mrefu, ndani ya mfereji, unazidi kuwa mwembamba, mpaka tukasikia chini yetu sauti kama ya mtu anayefagia uwanja. Mashua ikasimama. Akaruka akaweka gadi. Maji yakaondoka kando yetu taratibu, bila kuaga, na baada ya muda tukawa tumekaa juu ya mchanga kwenye benchi, watu wanne waliovaa nguo za kanisa, na kaa wanatoka mashimoni kututazama. Nikaangalia saa. Saa nne na nusu kasoro dakika mbili.

Nyumba tuliiona, labda mwendo wa mashamba mawili ya kahawa. Watu walikuwa wamesimama barazani. Hakuna aliyepunga mkono.

Mke wangu akamimina chai. Kisha tukaona mtu mmoja anateremka, mrefu, mwembamba, suruali imekunjwa magotini, amebeba kigoda kichwani. Alikuja pole pole, anajua pa kukanyaga. Alipofika akaweka kigoda mchangani, akakaa chini yetu, sisi juu, akamtazama mbuzi kwanza.

"Mmefika kwa saa," akasema.

"Tumefika, mzee."

"Mmeacha maji wapi?"

Mwanangu akainamisha kichwa. Afande akakohoa. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, ya kuzunguka, ya kiti na njia na wageni waliopita wakaona moshi, maneno ambayo hutangulia kwetu. Yote yakaniacha. Nilivua viatu, nikavua soksi, nikashuka. Mchanga ulikuwa wa baridi, unanyonya vidole. Nikasimama mbele yake nikiwa na suti juu na miguu mitupu chini.

Nikamwambia nilikosa. Nilitoa saa kama mtu anayejua, na sikujua. Mwanangu alinieleza siku ile ile, na kwa siku kumi nimekuwa na simu mfukoni nikiona haya kukupigia. Kosa ni langu, usilihesabu kwake.

"Simu yako iliita mara moja," akasema. "Nikangoja iite ya pili." Akachora kitu mchangani kwa kidole. "Mimi siku uliponiambia vilevile ningeweza kukuambia. Sikukuambia. Nilitaka kuona. Iko siku mjukuu wangu atakwenda kwenu, huko kwenye baridi. Hajui kahawa, hajui lugha yenu, na hicho Kiswahili chenu mmekiponda kama viazi. Atakosea kila siku. Nataka kujua kama ni nyumba ambayo mtu akikosea anasema, ama anakaa siku kumi na simu mfukoni."

Hiyo ilinichoma, kwa sababu jibu alikuwa analiona limesimama mbele yake. Nikasema nyumba yangu ina watu wawili. Mmoja hukaa na simu mfukoni. Mwingine huyu hapa juu, alisema nipige simu siku ya kwanza.

Mzee akainua macho. Mke wangu alikuwa ameshika kikombe. Akamwambia, "Nilimwambia, babu. Na msichana nitamwambia hivyo hivyo, asimsikilize huyu peke yake." Kisha akamteremshia chai.

Akanywa mpaka mwisho. Akauliza kama hiyo ni ya maziwa yetu, akaambiwa maziwa ni ya dukani, akasema ndiyo maana. Halafu akasimama, akaenda mbele ya mashua, akafungua kamba ya kondoo kwa mkono wake mwenyewe, akaishika. Sikuhitaji kutafsiriwa: ametupokea. Mwanangu aliruka chini, akakaa ghafla kwenye mchanga, suruali nyeupe na yote, akafunika uso.

Tungeweza kutembea mpaka nyumbani, lakini mzee alikataa. Alisema tulikubaliana mlango wa mbele, na mlango unafunguliwa saa nane. Kwa hivyo mazungumzo yote yalifanyika pale pale. Akapaza sauti kwa mjukuu wake alete makuti ya kukalia, na msichana akaja akikimbia juu ya mchanga, kichwa wazi, anacheka kabla hajafika. Alimsalimia mke wangu kwa Kikuyu kibovu kabisa. Ilibaki siku ya harusi. Mzee alitoa mfukoni kijitabu cha maji, mimi nikatoa kalenda ya kiwanda, tukaviweka juu ya kigoda. Tulitaka Jumamosi, maji yamejaa asubuhi, kahawa haiko mtini. Kila aliyoipata yeye mimi niliikataa, na kila niliyoipata mimi ilikuwa na mchanga. Afande alishika kalamu. Tulipata moja mwezi wa Januari. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu yetu, ya vuguvugu, na mashua imeanza kutikisika, na mzee akasema tutazame tena, pengine kuna nyingine ya karibu zaidi, kijana amengoja sana.